Kunenepa kwa Vidonge

Katika jamii yetu mtu anayenenepa hapewi pole, hupewa hongera. Mwaka 2011, kabla sijapimwa na kuambiwa nina kisukari, nilikonda hata mashati yakanipwaya. Watu walinong'ona, na msomaji bila shaka anajua ni ugonjwa gani waliokuwa wakinong'ona. Nilipoanzishiwa vidonge vya glibenklamidi nikarudi kunawiri. Baada ya miezi minane nilikuwa nimeongeza kilo 5. "Mwalimu, pensheni imekukubali!" walisema majirani. Shemeji yangu alimshukuru Mungu. Muuguzi peke yake ndiye aliyekunja uso na kuniuliza ninakula nini.

Nilikuwa nakula ugali uleule, kwa kipimo kilekile. Sasa kilo zile zilitoka wapi? Nimefundisha walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali la namna hiyo haliniachi nilale.

Daktari mmoja kijana, aliyekuwa na subira, alinieleza hivi. Kabla ya dawa, sukari ilikuwa nyingi mno katika damu, na figo ziliimwaga kwa mkojo. Nilikula, lakini chakula hakikukaa. Kidonge kinalihimiza kongosho litoe insulini zaidi. Insulini huiingiza sukari mwilini, na kinachozidi huwekwa akiba kama mafuta. Kwa hiyo sehemu ya kilo zile ilikuwa mali yangu iliyokuwa ikipotea chooni. Tena kidonge hicho kinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, huna budi kunywa chai yenye sukari upesi, na hiyo nayo ni chakula.

Uingereza walifanya utafiti mrefu kwa wagonjwa zaidi ya 5,000, ukaanza mwaka 1977 na matokeo yake yakatolewa 1998. Kwa miaka kumi, waliotumia glibenklamidi waliongezeka wastani wa kilo 1.7 kuliko waliotegemea zaidi mpango wa chakula; wa sindano za insulini, kilo 4. Wa metformini hawakupata ongezeko hilo. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba waliodhibitiwa sukari vizuri walipata madhara machache zaidi ya macho na figo. Mimi niliupima uzito wa pande zote mbili, nikaendelea kumeza.

Baadaye nilibadilishiwa, nikapewa metformini pamoja na gliklazidi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kusema kwamba glibenklamidi haiwafai watu waliopita miaka 60, kwa sababu ya huko kushusha sukari mno. Kilo mbili zikaondoka polepole, nyingine zimebaki nami.

Mwalimu mwenzangu mstaafu alichukizwa na kitambi chake, akaacha vidonge bila kumwambia mtu. Alikonda, akafurahi, mkanda ulirudi kwenye tundu la zamani. Kumbe sukari ilikuwa inamwagika tena. Kidonda kidogo cha kiatu kilikataa kupona, na mwishowe akakatwa vidole viwili vya mguu. Sasa anameza dawa zake, ananenepa kidogo na kulalamika sana. Tukikutana benki siku ya pensheni, kabla hata ya kuulizana habari za wajukuu, tunaulizana vipimo vya asubuhi.