Unabeba Nini?

"Unabeba nini?" fundi aliniuliza, hata kabla ya kuinama kutazama chini ya gari.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine. Inchi mbili ama nne? Springi za Australia ama zile za bei ya chini? Wiki nzima nilikuwa nimekesha nikitazama video za watu wakiinua magari yao, simu imejaa picha za Land Cruiser ndefu kama twiga. Pesa nilikuwa nazo, akiba ya mwaka mzima. Ukihesabu kwa bei ya soko letu hapa Lodwar, ni kama mbuzi 25. Nilitaka inchi 4. Basi.

"Nabeba unga," nikamjibu. "Na watu."

"Unga kilo ngapi? Watu wangapi? Ukirudi, unarudi na mzigo ama mtupu?"

Nilikwama. Nilikuwa najua kimo ninachotaka, sikuwa najua uzito ninaobeba.

Gari lenyewe ni pikapu ya zamani ambayo baba alituachia, mimi na kaka yangu. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na siku hizi ni lami. Hata na Probox utafika shati likiwa bado jeupe. Lakini biashara yetu inaanza pale lami inapokuacha. Tunapakia unga, sukari na mafuta ya kupikia Kakuma, kisha tunashika njia ya Oropoi, upande wa mpaka wa Uganda. Huko ni mchanga, mawe na laga.

Kama hujawahi kufika kwetu, laga ni mto ambao muda mwingi hauna maji. Unapita ndani yake ukitimua vumbi, mbuzi wamelala kwenye vivuli vya kingo. Halafu mvua inanyesha milimani, mbali, wewe uko kwenye jua kali hujaona hata wingu, na maji ya rangi ya chai yanashuka yakiburuta miti.

Miaka miwili iliyopita kaka yangu aliingia kwenye laga moja maji yakiwa yameshaanza kupita. Gari lilisukumwa, likalala ubavu. Yeye na turniboi walitoka. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya magunia hakutoka. Alikuwa ameomba lifti tu, anaenda kumwona binti yake. Alipatikana kesho yake, mbali, kule chini.

Tangu siku hiyo kaka hajashika usukani. Nilichukua funguo mimi.

Kwa hivyo niliposema inchi 4, sikuwa nawaza mawe. Nilikuwa napiga hesabu ya kurudi nyuma. Kama gari lingekuwa juu zaidi siku ile, je?

Fundi alichukua bisibisi akachora kwenye vumbi. Duara mbili za tairi, mstari wa ekseli, sanduku la bodi juu.

"Ona, sista. Ukiweka springi ndefu, unainua hii." Akagonga bodi. "Hii hapa haitoki mahali ilipo." Akagonga difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli. "Jiwe likikuja, linaigonga vilevile. Difu inainuliwa na tairi. Na tairi ikiongezeka inchi mbili kwa urefu, difu inapanda inchi moja tu."

Akaendelea. Ukipanda sana, uzito wote unapanda nawe, na kwenye mteremko wa pembeni gari linapinduka mapema zaidi. Usukani unakuwa mwepesi, gari linatangatanga barabarani. Propela inafanya kazi ikiwa imepinda, mipira ya breki inavutwa. Inchi 4 zinataka virekebishwe vyote hivyo. Inchi mbili gari linavumilia.

"Na spesa?" nikauliza, kwa sababu ni rahisi, na kila kijana mwenye Fielder ameweka.

"Spesa inakupa kimo. Haikupi nguvu ya kubeba."

Jioni hiyo nilienda kwa duka lenye mizani nikaanza kupima kweli. Magunia, madebe, mimi, turniboi, abiria wa kawaida. Kwenda ni kama kilo 600. Kurudi ni karibu mtupu. Hapo nikaelewa kwa nini fundi aliuliza vile. Springi zilizofanywa ngumu kwa mzigo wa kila siku zitarukaruka gari likiwa tupu, hasa kwenye zile barabara zenye mikunjo kama bati, na tairi ikiwa hewani haishiki kitu. Zikiwa laini, mzigo unazikalia mpaka chuma kinagonga chuma. Tukakubaliana inchi mbili: springi za uzito wa wastani, na nyuma bapa moja nene la chini ambalo linaanza kazi tu mzigo ukizidi. Pesa zilizobaki tukaziweka kwa shoki nene. Kwenye bati zile, shoki inapanda na kushuka bila kupumzika, mafuta ndani yanachemka na kufanya povu, na ikifika hapo unaendesha mtumbwi.

Nilimweleza kaka hayo yote usiku, chini ya mwembe wa nyanya. Nilidhani atafurahi. Nikamwambia pia kile nilichokuwa nimesoma: maji yanayokimbia yakifika sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi, hata pikapu. Inchi mbili ni sentimita 5.

Alinyamaza muda mrefu.

"Gari halikuwa fupi," akasema. "Ni mimi nilikuwa na haraka."

Hatujawahi kuongea zaidi ya hapo kuhusu siku ile.

Gari lilipotoka kwa fundi, nyanya alishindwa kupanda. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kiti, akacheka. "Mmenunulia nani hii?" Nikarudi kuchomelewa kidaraja cha chuma kila upande. Kaka naye akaleta fimbo. Alikuwa ameipaka mstari mwekundu, usawa wa goti langu. Hakueleza. Aliiweka nyuma ya kiti.

Mwezi uliopita tulifika kwenye laga ileile saa tisa mchana, na maji yalikuwa yanapita. Si mengi. Nilishuka, nikavua viatu, nikaisimamisha fimbo pale ukingoni. Mstari ulikuwa umezama.

Kijana mmoja nyuma alipiga bodi kwa kiganja. "Madam, gari yote hii refu na unaogopa? Hii si imeinuliwa?"

"Imeinuliwa inchi mbili," nikamwambia. "Shuka tunywe chai."

Alilalamika, akashuka. Mama mmoja alikuwa na sukari, turniboi akatafuta kuni. Tulivuka kesho yake, saa moja asubuhi, juu ya mchanga uliokuwa bado na unyevu.