Nilivyomponza Mzee na Rangi Nyeusi

Wasee, kuna video yangu ya mwaka juzi ambayo nimeifuta wiki hii. Wengi wenu mliiona. Ni ile ya pikapu ya Baba inaingia gereji bodi ikiwa imechubuka kila mahali, muziki unadunda, kisha inatoka nyuma ikiwa nyeusi tititi. Sekunde 40. Ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi hadi leo, na karibu kila kitu kilichofanyika pale kilikuwa makosa. Ningeiacha tu ikae, lakini kijana mmoja wa Mumias aliniandikia kwamba ameiona na sasa anamshawishi babake afanyiwe hivyohivyo.

Nianze mwanzo.

Baba ana Isuzu D-Max ya kebini moja. Hiyo gari ndiyo imenisomesha. Wiki hii inabeba kokoto na simiti, wiki ijayo miwa ya mbegu, siku nyingine ng'ombe kutoka soko la Shinyalu. Shule zikifunguliwa inahamisha wanafunzi wa Masinde Muliro kutoka Lurambi kwenda Kefinco na godoro, mtungi wa gesi na madeni yao. Ukifikiria vizuri, kila mzigo hapo ni adui wa chuma. Kokoto inakwangua rangi. Mkojo wa ng'ombe na mbolea vinaingia pale palipokwanguliwa na kuanza kula. Maji ya miwa yanachacha kwenye kona. Halafu kuna mvua ya Kakamega, na hiyo siwaelezi: asubuhi jua kali, saa tisa unatafuta kibaraza cha duka.

Kwa hivyo bodi ilikuwa na kutu. Baba alitaka kuwekewa bati nene, lile lenye michoro ya kuzuia kuteleza kama la ngazi ya matatu. Mimi nilikuwa nimeshiba video za Marekani, wanapuliza laina ya mpira bodi nzima, mtu anaipiga nyundo na haibaki alama. Nikamwambia, "Baba, hiyo bati ni mambo ya zamani. Tupulize." Fundi wa kwanza tuliyemuuliza alitaka siku tatu na pesa ambazo Baba alizisikia akacheka. Wa pili alisema 9,000, na gari unachukua jioni. Nani alimsukuma Mzee kwa huyo wa jioni? Mimi. Nilitaka video iende kabla ya wikendi.

Alichopuliza yule fundi hakikuwa laina. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni ile dawa nyeusi yenye lami inayopakwa chini ya gari kuzuia matope. Chini ya gari iko sawa, hakuna mtu anakanyaga huko. Lakini haikauki ikawa ngumu. Jua likiipata inalainika. Na aliipuliza juu ya kutu, juu ya vumbi, hata juu ya matundu ya kutolea maji, yakazibika yote.

Mwezi wa kwanza nilikuwa shujaa. Wa pili tulimhamisha dada mmoja wa chuo, godoro jipya kabisa, bado liko na nailoni upande mmoja. Tulipolishusha Kefinco, upande usio na nailoni ulikuwa na ramani nyeusi. Yule dada hakupiga kelele. Alisimama tu akaliangalia, kisha akamuuliza Baba kwa upole, "Sasa mzee, nitalalia nini?" Baba alimlipa godoro. Njia yote ya kurudi nyumbani hakunisemesha, na mimi nilijifanya naangalia simu.

Lakini godoro lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa chini. Maji yalikuwa yanakaa kwenye kona bila pa kutokea, yamefunikwa na ile dawa, na kutu ikaendelea na kazi yake kwa siri. Kutu inataka maji na hewa tu, na sisi tulikuwa tumeitengenezea nyumba yenye pazia. Baada ya mwaka hivi, Baba aliona uvimbe kama lengelenge karibu na ukuta wa kebini. Alichukua bisibisi akaubonyeza. Bisibisi ikapita hadi nje. Siku hiyo alikuwa apeleke ndama wawili. Hebu wazia mguu wa ndama ungeingia hapo gari likiwa kwa lami.

Hapo ndipo tulirudi kwa fundi wa siku tatu. Mzee wa makamo, haongei sana. Alitoa sumaku mfukoni akaanza kuipitisha kwa bodi. Mahali ilipokwama alisema chuma. Mahali ilipoteleza alisema puti. "Kijana," akaniambia, "mlipaka keki juu ya shimo."

Siku ya kwanza yote hakufungua hata chupa moja ya rangi. Alikwangua ile dawa yote, akapitisha brashi ya waya na grainda hadi chuma kikang'aa, akakata vipande viwili vilivyooza na kuchomelea bati jipya. Siku ya pili aliosha, akakausha, akapaka praima ya kuzuia kutu, kisha akaikwangua tena kwa msasa. Nilimuuliza mbona anaharibu kitu amepaka sasa hivi. Akasema laina inahitaji pa kushika, kama vile huwezi kupanda ukuta uliopakwa mafuta. Akapangusa na kitambaa chenye thina, akaziba matundu ya maji kwa masking tepu ili ayafungue baadaye.

Kupuliza kwenyewe kulikuwa siku ya tatu na hakukuchukua muda. Alitumia Raptor, laina ya chupa: chupa ni ya mililita 750, unaongeza dawa ya kukausha mililita 250, unatikisa, unafunga kwa bunduki ya kompresa. Chupa nne zilitosha bodi nzima kwa mikono miwili. Kuna zile kubwa zaidi za poliyurea, zinapulizwa zikiwa moto kwa mashine yenye presha kubwa, zinakauka kwa sekunde. Hizo ndizo za video za nyundo. Ni nzuri ajabu, lakini hazitaki bunduki ya kawaida, kwa hivyo mtu akikuambia ana hizo, muombe akuonyeshe mashine.

Kilichonishangaza ni kwamba alianza saa tatu asubuhi na akakataa kuendelea baada ya chakula cha mchana. Nilidhani ni uvivu. Kumbe ile dawa ya kukausha ina isosayaneti, na isosayaneti ikikutana na maji inatoa gesi. Unyevu ukiwa mwingi, au bati likiwa na umande, laina inaumuka vipovu kama mandazi, na kila kipovu ni mlango wa maji. Kwa hivyo ukiwa Kakamega, usikubali kupuliziwa gari kwenye kibanda kilicho wazi wakati mawingu yanajikusanya upande wa msitu. Rudi kesho.

Na sasa hili la isosayaneti, nataka tuongee kidogo, kwa sababu wengine wenu mnafanya kibarua kwa gereji. Kwenye video yangu iliyofutwa kuna kijana anashika mpira wa kompresa bila chochote usoni. Nilimuona nikihariri, nikaona anapendeza kwa moshi. Hiyo siku bahati yake haikuwa laina ya ukweli. Mvuke wa hizi laina za kuchanganya ukiuvuta unaweza kukuletea pumu, na mwili ukishaukataa, hata kiasi kidogo baadaye kinakubana kifua. Barakoa ya kitambaa haiuzuii. Yule fundi mzee alivaa ile inayoletewa hewa safi kwa mpira, na akanifukuza mimi na kamera yangu hadi barabarani. Nilikasirika. Sina video ya siku hiyo, mnavumilia tu.

Mnaniuliza sana inbox kama laina inashinda bati. Maoni yangu: kama bodi yako bado nzima na unabeba mizigo mchanganyiko, laina, na lipia matayarisho kuliko jina la chupa. Nyeusi inaweza kupauka kwa jua, hiyo si kuharibika. Kama kazi yako ni mawe kila siku, Mzee hakuwa mjinga, bati nene lina maana yake, ila chuma cha chini kitibiwe kwanza. Zile sinia za plastiki za kutumbukiza mimi sizipendi. Zinatikisika, mchanga na maji vinaingia chini yake, na huoni kinachoendelea. Na kama pesa hakuna, nunua mkeka mzito wa mpira, kila Jumapili uutoe, uoshe chini, ukaushe. Utafika mbali kuliko sisi na 9,000 zetu.

Huyo kijana wa Mumias nilimpigia. Kumbe alikuwa ashalipa deposit. Nikamwambia aende na sumaku kabla gari halijaingia, na akatae kama fundi anaahidi jioni. Sijui atafanya nini. Yeye pia alikuwa na haraka.

Wiki moja baada ya kupuliza, fundi aliruhusu mzigo mzito. Tumebeba kokoto tangu hapo, tumebeba ng'ombe, Baba anamwaga ndoo ya maji na kuangalia kama yanatoka kwa matundu yote manne. Jumamosi iliyopita yule dada wa godoro alihama tena, kutoka Kefinco kwenda Amalemba, na bado alimpigia Baba. Kabla hatujapakia, alipanda nyuma, akainama, akapapasa sakafu kwa kiganja, akakigeuza na kuangalia vidole vyake. Kisha akasema, "Haya, leteni."