Asembo Bay: Kiroboto Aliyelitangaza Jina la Kijiji

Msomaji mpenzi, ukitoka Kisumu kwa matatu ya Bondo, ukifika Kisian utaiacha barabara kuu ya Busia na kupinda kushoto. Ukifika Ndori unapinda kushoto tena na kufuata njia ya Luanda Kotieno, kule ambako feri huvusha watu na magari hadi Mbita. Nchi hiyo iliyo kati ya Ndori na maji ya Ziwa Victoria ndiyo Asembo, katika kaunti ya Siaya, na ufuo wake ndio Asembo Bay.

Zamani meli za shirika la reli zilikuwa zikitia nanga hapa kuchukua abiria na mizigo. Siku hizi utakuta mashua za wavuvi, omena walioanikwa juani, na akina mama wakiwapimia wanunuzi kwa gorogoro. Hutakosa kuwaona mbwa pia. Kila boma lina wake, naye hulala mlangoni usiku na kuzurura mchana. Paka naye hulinda nafaka dhidi ya panya, na jioni hujikunja karibu na jiko pamoja na watoto.

Basi huenda ukashangaa kusikia kwamba ni hao mbwa na paka waliolifanya jina la Asembo lijulikane katika maabara za dunia nzima.

Kisa chenyewe ni hiki. Kati ya mwaka 2007 na 2010, watafiti wa taasisi ya KEMRI wakishirikiana na wenzao wa CDC ya Marekani walichunguza damu ya wagonjwa wa homa katika eneo hili, ambako hospitali ya misheni ya Lwak huwahudumia wenyeji. Kwa desturi, mtu wa kando ya ziwa akipatwa na homa, maumivu ya kichwa na uchovu wa viungo, kila mmoja husema ni malaria. Lakini katika damu hiyo watafiti walikuta pia chembechembe za kijidudu kiitwacho Rickettsia felis, ambacho huenezwa na viroboto. Zilionekana mara 2.2 zaidi kwa watu wenye homa kuliko kwa wasio na homa.

Watafiti hawakuishia hapo. Walikwenda hadi majumbani, wakakusanya viroboto ndani ya nyumba na katika manyoya ya mbwa na paka. Ndani ya viroboto hao walikuta kijidudu kingine, ndugu wa yule wa kwanza, ambacho hakikuwa na jina. Habari zake zilichapishwa mwaka 2013, na mwaka 2016 kikapewa rasmi jina la Rickettsia asembonensis, yaani cha Asembo. Tangu hapo kimepatikana katika viroboto wa nchi za mbali kama Thailand, Peru na Costa Rica. Haijathibitishwa kwamba hiki cha Asembo humdhuru binadamu, lakini ndugu yake, felis, huhusishwa na homa. Dawa ya homa za jamii hiyo ni doksisaiklini, ambayo hutolewa kwa amri ya daktari. Dawa za malaria zinazotumika siku hizi haziwezi kuziponya. Mtoto aliyepewa dawa za malaria kwa kubahatisha anaweza kuendelea kuteseka.

Hapo ndipo mambo yanapotugusa sisi wa mjini. Wengi wetu huona kwamba kumpeleka mbwa au paka kwa daktari bingwa ni anasa ya matajiri wa Karen na Muthaiga. "Mbwa ni mbwa tu," husema watu. Lakini kiroboto hachagui mtaa. Mayai yake hudondoka kutoka mwilini mwa mnyama na kuanguliwa sakafuni, katika zulia, kwenye kochi na katika matandiko. Viroboto unaowaona katika manyoya ni sehemu ndogo tu. Wengi zaidi, wakiwa bado mayai na viluwiluwi, wamo humo nyumbani mwako.

Sasa sikia kazi ya daktari wa magonjwa ya ndani ya wanyama. Huyu hashughulikii kidonda unachokiona kwa macho. Huuliza kwa nini mbwa amekonda ilhali anakula, au kwa nini paka anakunywa maji kupita kiasi, dalili ambayo mara nyingi huwa ya figo au ya kisukari. Hupima damu, mkojo na kinyesi, hutazama kwa hadubini, na pale penye vifaa huchungulia tumbo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Madaktari wetu wengi wa mifugo wamesomea kitivo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Upper Kabete, ambako pia iko kliniki ya wanyama wadogo.

Mchukue mbwa mwenye kupe. Kupe anaweza kumwambukiza ugonjwa uitwao elikiosisi, unaopunguza chembe za kugandisha damu. Mbwa hulegea, hukataa chakula, na pengine hutokwa na damu puani. Mwenyewe hudhani amepigwa jiwe na watoto wa jirani! Daktari akipima damu mapema, ugonjwa huo hutibika kwa doksisaiklini ya wiki nne hivi. Ukicheleweshwa, huingia katika uboho na kuiacha damu ya mbwa ikiwa imepungua mno. Kiroboto naye hubeba viluwiluwi vya tegu. Mbwa akijilamba na kummeza, tegu hukua tumboni mwake. Mtoto anayecheza naye akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya, naye huambukizwa.

Huko Asembo, uhusiano wa afya ya mnyama na ya mtu umepimwa pia upande wa mifugo. Utafiti ulioanza mwaka 2013 katika vijiji 10, ukihusisha nyumba zipatazo 1,500, ulionyesha kwamba kila mifugo 10 ya boma ilipougua au kufa, uwezekano wa watu wa boma lilo hilo kuugua uliongezeka kwa asilimia 31 hivi. Jambo ambalo wazee walilihisi zamani sasa lina hesabu yake.

Kwa hiyo, msomaji, fanya haya. Mpe mbwa wako dawa ya viroboto na kupe kwa kufuata uzito wake. Anika matandiko yake juani na ufagie kila pembe ya nyumba. Mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kwani ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauponi. Paka mchunge zaidi: usimpake dawa ya mbwa yenye permethrini, na usimpe kamwe paracetamol unayokunywa wewe. Kidonge kimoja tu chaweza kumuua, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo.

Na mtoto wako akipatwa na homa, mweleze daktari kama mna mbwa au paka, na kama ameumwa na viroboto. Neno hilo moja laweza kumfanya daktari atafute pasipotafutwa.

Iwapo utapata fursa ya kuzuru Asembo Bay, ule ngege wako kwa ugali na uutazame ziwa hadi jua litue. Lakini umtazame pia yule mbwa aliyelala mlangoni akijikuna. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa familia nyingi ufa wenyewe ni huo unaojikuna.