Kuchua, Kutoka Uani Hadi Studio

Nilipokuwa nakua Ng'ambo, Unguja, mchuaji hakuwa na kibao mlangoni wala saa za kazi. Alijulikana tu mtaani, na alipohitajika mtoto alitumwa kwenda kumwita. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa wachuaji hao. Akiitwa kwenye nyumba yenye mzazi aliyetoka kujifungua, au kwa mzee aliyepooza upande mmoja, au kwa kijana aliyeteguka kifundo mpirani, alijitanda kanga, akachukua chupa yake ya mafuta, akatoka. Sikumbuki hata siku moja akiitwa na mtu aliyechoshwa tu na kazi. Uchovu ulikuwa na dawa yake, nayo ni kulala.

Mafuta aliyatengeneza mwenyewe. Alichemsha tui zito mpaka mafuta yakajitenga, akayachuja, akatia karafuu na kuyaweka juani. Karafuu ina eugenoli, kitu kile kile ambacho madaktari wa meno wamekitumia kwa miaka mingi kutuliza maumivu. Bibi hakulijua jina hilo, ila alijua ni kiungo kipi hasa kinahitaji mafuta yale. Alianza miguuni kila mara. Alishika nyayo kwa viganja viwili, akatulia kwanza bila kusugua, kisha akapanda taratibu: mashavu ya miguu, magoti, nyonga, mgongo. Kidole gumba kilipita pembeni mwa uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa. Mwenye homa hakumgusa, na mtu aliyetoka kula alimwambia asubiri.

Kazi yake kubwa ilikuwa arobaini ya uzazi. Mzazi alikandwa kiuno na nyonga kwa kitambaa kizito kilichochovywa kwenye maji ya moto yaliyochemshwa na majani, kisha akachuliwa mwili mzima kwa mafuta, akafungwa tumbo kwa mkaja, akafukizwa udi. Muda wote huo mtoto alipakatwa na mwingine, na mzazi hakutakiwa kufanya lolote. Ndipo maneno yalipomtoka. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba mwanamke huyu halali usiku, yule maziwa hayamtoki, mwingine analia bila kujua kwa nini. Akitoka pale alikwenda moja kwa moja kwa mama wa mzazi au kwa wifi yake, akawaambia la kufanya. Ujira ulikuwa doti ya kanga, mchele, sabuni. Kwa asiye na kitu, dua ilitosha.

Mtoto naye alichuliwa, kila siku, kwa mafuta yasiyo na karafuu. Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 1986 na Tiffany Field na wenzake huko Miami, Marekani. Watoto njiti waliochuliwa dakika 15, mara 3 kwa siku, kwa siku 10, waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao ambao hawakuchuliwa. Niliusoma ukurasa ule nikimwona bibi amenyoosha miguu mkekani, mjukuu amelazwa juu ya mapaja yake.

Kulikuwa na upande wa furaha pia. Bi harusi alisingwa kwa singo: maua ya asumini, mawaridi, mlangilangi, liwa na karafuu, vikatwangwa na kupakwa mwili mzima kwa siku kadhaa kabla ya ndoa. Hiyo ilikuwa kazi ya somo wa bi harusi, na sisi watoto tulifukuzwa chumbani, kwa hiyo sina mengi ya kusimulia.

Katikati ya miaka ya 1980 Zanzibar ilifungua milango ya biashara huria. Bei ya karafuu ilikuwa imeanguka, na utalii ukashika nafasi. Kufikia miaka ya 1990 hoteli zilikuwa zimeanza kujipanga Kiwengwa, Nungwi na Paje. Wanawake wa vijiji vile walishuka pwani na mafuta ya nazi ndani ya chupa za maji ya kunywa, wakawachua wageni juu ya kanga zilizotandikwa mchangani. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliona kuchua kukipangiwa bei kwa dakika. Wapo waliowasema vibaya wanawake wale. Mimi niliwaheshimu, maana wengi walisomesha watoto kwa mikono yao.

Mimi mwenyewe niliajiriwa katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, tukafundishwa na wakufunzi kutoka Thailand. Masaji ya Kiswidi ilikuja na majina ya Kifaransa kwa kila mwendo wa mkono: effleurage kwa kupapasa, pétrissage kwa kukanda, tapotement kwa kupigapiga. Wengi humtaja Per Henrik Ling wa Uswidi kuwa mwanzilishi, lakini aliyeyapanga na kuyaeneza majina hayo ni daktari Mholanzi, Johann Georg Mezger, katika karne ya 19. Mikono yangu ilikuwa ikiijua miendo hiyo yote tangu utotoni. Kilichonigusa zaidi ni habari za wakufunzi wangu. Katika hekalu la Wat Pho, Bangkok, mfalme Rama wa Tatu aliamuru katika miaka ya 1830 elimu ya tiba na kuchua ichongwe kwenye mawe ili kila mtu aisome. Shule ikafunguliwa pale mwaka 1955, na mwaka 2019 UNESCO ikaiingiza nuad Thai, yaani kuchua kwa Kithai, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Elimu ya bibi yangu haikuandikwa hata kwenye karatasi.

Kuna jambo nililolipata hotelini ambalo uani halikuwapo, na ninalithamini sana. Tulifundishwa nani hapaswi kuchuliwa. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na joto, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiusugua, donge linaweza kung'oka likakimbilia kwenye mapafu na kuua. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwanamke katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua, yaani arobaini yenyewe. Kadhalika tumbo. Wauguzi wa kliniki walikuwa wakigombana na wachuaji kuhusu kukanda tumbo kwa maji ya moto na kumgeuza mtoto tumboni kwa mikono, na katika hilo wauguzi walikuwa na haki, hasa sasa ambapo wanawake wengi hujifungua kwa upasuaji na wana kidonda kibichi. Nilipomweleza bibi habari za damu kuganda alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mguu huo unatambulikaje. Tangu siku hiyo kila mzazi alimpima mashavu yote mawili ya miguu kwa viganja kabla ya kufungua chupa.

Baadaye nilihamia Dar es Salaam, kwenye studio yenye kiyoyozi, taulo nyeupe na muziki wa taratibu. Orodha ni ndefu: Kiswidi, masaji ya kina, mawe ya moto, refleksolojia ya nyayo, mafuta ya kunukia. Wateja ni watu wa ofisini wenye shingo zilizokakamaa kwa simu na kompyuta, na wakimbiaji wanaojiandaa kwa mbio za marathoni. Mwaka 2016, muogeleaji Michael Phelps alipoonekana kwenye Olimpiki ya Rio akiwa na alama za mviringo mabegani, wateja walianza kuulizia vikombe vya kuvuta ngozi. Wazee wetu walipiga chuku kwa pembe ya ng'ombe kabla ya studio yoyote kuwepo. Wakimbiaji huniambia nitoe asidi ya laktiki kwenye misuli yao, nami huwaeleza kwamba mwili huiondoa wenyewe, kwa kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Kuchua husaidia kupunguza maumivu na kumtuliza mtu, na hilo ni jambo kubwa bila kuongezewa chumvi.

Jina la kazi hii limechafuliwa na nyumba zinazojificha nyuma ya neno masaji kwa biashara nyingine. Inaniuma. Mama yangu alikaa muda mrefu akiwaambia majirani kwamba ninafanya kazi ya saluni, ilhali mama yake mzazi aliheshimiwa mtaa mzima kwa kazi hiyo hiyo. Hadharani, aliyebaki na heshima yake ni mchua misuli wa timu ya mpira, anayeonekana na maelfu akikimbia uwanjani na mkoba wake.

Lakini lililobadilika zaidi ni anayechuliwa. Bibi aliwagusa watu walio katika dhiki ya mwili: mzazi, mgonjwa, mzee. Studio inamgusa mwenye afya na pesa. Bibi alipopigwa kiharusi mwishoni mwa maisha yake, mtaani hakukuwa tena na mchuaji wa kuitwa. Wenzake walikuwa wamefariki, na mabinti zao wako hotelini au wamehama. Nilikuwa ninapanda boti kila nilipopata ruhusa kwenda kumchua mimi. Wazee wangapi wamelala vyumbani bila mjukuu wa aina hiyo? Na mzazi wa leo, anayerudi kutoka hospitali kwenye chumba cha kupanga Mbagala, mama yake yuko mkoani, mume yuko kazini, ni nani atakayemshika mgongo na kumsikiliza mpaka aseme kwamba halali usiku?

Ninawaomba wenye studio, wengi wao wanawake kama mimi, watenge siku moja ya wiki kwa wazazi na wazee wa mtaa wao, kwa bei ya sabuni na mchele. Ninawaomba wakunga na wauguzi wawafundishe wachuaji waliobaki badala ya kuwafukuza mlangoni. Wenye bibi anayeijua kazi hii, mwandikeni angali hai: mafuta yake, anapoanzia, asichokigusa. Na aliye na mzazi ndani ya nyumba leo, amtazame miguu yote miwili. Mmoja ukiwa umevimba kuliko mwenzake, asiuchue. Ampeleke hospitali leo hii hii.