Mtaro wa Julai

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Sare zimepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, kesho shule zinafunguliwa. Jioni nimekwenda kununua mkate nikakuta greda na kijiko vimeegeshwa pale kwenye kalavati. Nikamuuliza mlinzi kazi ya mtaro inaanza lini. "Kesho alfajiri, mama." Juni karibu yote watoto wamekaa nyumbani, barabara kavu, na hakuna aliyekuja hata na sepetu.

Jumanne, 8 Julai

Tumetoka saa kumi na mbili kasoro robo kama kawaida. Kijiko kimeziba nusu ya barabara, foleni imefika hadi kona ya msikiti. Kituoni wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Konda akapaza sauti: "Wanafunzi wawili tu!" Siku za kawaida gari lake linapiga safari tatu kabla ya saa mbili, leo hata mbili haziwezekani, kwa hiyo kila nafasi anaitaka kwa nauli ya mtu mzima. Nauli ya mwanafunzi ni 200. Mkubwa wangu aliwahi kupanda, alipogeuka na kumwona mdogo wake amebaki chini, akashuka. Wakaenda kwa miguu. Wamekuta geti limefungwa.

Alhamisi, 10 Julai

Jana usiku maji hayakutoka bombani, leo nimejua sababu. Kijiko kimekata bomba na mtaro umejaa tope. Wametandika ubao mmoja wa kuvukia, upana wake kama kanga iliyokunjwa mara nne. Mdogo alivua viatu, akavua na soksi, akazitia mfukoni, akaanza kuvuka akiwa amekumbatia begi kifuani. Katikati ubao ukanesa, akasimama, hasogei mbele wala harudi nyuma. Mama muuza vitumbua aliacha kikaango chake kwenye moto, akaingia topeni na kumshika kiuno. Kisha akabaki palepale, anawavusha watoto mmoja mmoja, hata asiowajua. Vitumbua vyake viliungua. Nilitaka kumlipa, akakataa.

Jumatatu, 14 Julai

Nimezungumza na msimamizi wa kazi. Kijana mstaarabu, kanipa shikamoo kabla sijafungua mdomo. Nilimwambia wazi kwamba mtaro tunautaka. Masika ya mwaka jana maji yaliingia kwangu tukapandisha magodoro juu ya meza, na najua hakuna anayeweza kuchimba Aprili. Ninachoomba ni saa moja na nusu tu: kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu kijiko kikae pembeni, magari yapite pande zote mbili.

"Kijiko ni cha kukodi, mama. Kinalipiwa kwa saa."

Tarehe ya kuanza hakuipanga yeye, na aliyeipanga hajawahi kuonekana hapa. Lakini nilimweleza kuhusu mkubwa. Yuko darasa la saba, mtihani ni Septemba, na kipindi chake cha kwanza ni hisabati. Wiki nzima amekikosa mara tatu. Anakopi daftari la mwenzake usiku, hesabu zimeshakokotolewa na mtu mwingine. Msimamizi alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akasema atauliza.

Ijumaa, 18 Julai

Mbao sasa ni mbili, zimepigiliwa misumari, na kuna kamba ya kushikia. Nimemshukuru msimamizi kwa moyo wote. Kijiko bado kinaanza saa kumi na mbili.

Sasa tunaamka saa kumi. Mdogo anasinzia akiwa na kikombe cha chai mkononi. Usiku huu nilikuwa namsuka dada yake, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Mama, wiki ya mtihani nikalale kwa shangazi?" Shangazi yake anakaa nyuma ya shule, kutoka kwake kengele inasikika.

Nimempigia simu. Amesema aje hata kesho.