Weupe wa Maji

Kwetu Kiwalani bibi yangu huyapima maji ya kisima kwa macho: yakiwa meupe, husema ni safi. Lakini kijidudu cha kipindupindu hakionekani ila kwa hadubini. Mwaka 1884 daktari wa Kijerumani, Robert Koch, alitangaza kuwa ndicho kiletacho ugonjwa huo. Mwaka 2015 ulizuka hapa Dar es Salaam, ukaenea mikoani. Mgonjwa huharisha hata akaukiwe maji mwilini. Asipotibiwa, aweza kufa kwa saa chache.

Nikiyateleka maji yachemke, bibi hunung'unika kuwa mkaa ni ghali. Nami humwambia kwa adabu, "Bibi, mkaa ukiisha hununuliwa mwingine, mtu hanunuliwi." Basi wenzangu, hasa vyoo vifurikapo masika, tuchemshe maji ya kunywa, na tunawe mikono kwa sabuni.