Karanga za Kongwa na Kitambi Changu

Hapa mjini mtu akianza kuota kitambi hupongezwa. "Umenawiri, bwana," humwambia jamaa zake, na wengine huongeza kwamba mama watoto anajua kupika. Mimi nilizipokea pongezi hizo kwa muda wa miaka sita. Kazi yangu ni ya kukaa: asubuhi hukaa ndani ya daladala, mchana hukaa mbele ya meza ya habari, jioni hukaa tena ndani ya daladala. Chakula changu cha mchana kilikuwa chipsi mayai na soda, kwa kuwa huja upesi na gazeti halimsubiri mtu. Nilipotimiza miaka 36 nilikuwa na kilo 97, na urefu wangu ni sentimita 170 tu.

Siku moja lifti ya jengo letu iliharibika. Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, na nilipofika juu nilishindwa hata kuitikia salamu. Kesho yake nilikwenda kupimwa. Shinikizo la damu lilikuwa 158 kwa 100. Daktari, mama mmoja mpole, aliniuliza habari za wazazi wangu. Nilimweleza kwamba marehemu baba alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 58, na kwamba hakuwa mnene hata kidogo, ila alikuwa na shinikizo la damu ambalo hakuna aliyelijua mpaka siku alipoanguka. Daktari akaandika dawa, kisha akasema: "Ugonjwa umeurithi. Usiuongezee mzigo."

Nilitoka pale nikiwa na hamasa kubwa. Ndugu msomaji, naomba uikumbuke hamasa hiyo, kwa maana ndiyo iliyonidanganya. Usiku uleule niliandika mpango katika daftari jipya: kupunguza kilo 20 kabla ya Pasaka, kuamka saa kumi na moja alfajiri na kukimbia kila siku, kuacha ugali, wali, mkate, sukari na mafuta. Nilinunua raba za bei ya kutisha. Nikawatangazia wenzangu kazini, ili aibu inisukume.

Wiki ya kwanza niliteremka kilo 3. Wiki ya pili kilo moja na nusu. Wiki ya tatu mizani haikusogea, goti la kushoto likavimba, na nyumbani nikawa mkali kama nyuki. Mtoto wangu wa pili alimwuliza mama yake kama baba ananjaa au amekasirika. Wiki ya nne mvua ilinyesha alfajiri, nikalala. Siku iliyofuata haikunyesha, nikalala vilevile. Ilipofika Pasaka nilikuwa na kilo 98. Raba zilikuwa chini ya kitanda, na kila nilipoziona nilijiona mtu dhaifu asiye na msimamo.

Mwezi Juni zamu ya likizo yangu ilifika, na ndugu zangu wakaamua niende Kongwa kukaa na mama. Naye alikuwa ameambiwa kliniki kwamba sukari yake imeanza kupanda, na kwamba dawa ya kwanza ni kutembea. Lakini alikataa kutembea peke yake. Alisema mwanamke mzima hawezi kuzunguka njiani asubuhi bila ndoo wala jembe. Watu watadhani amerukwa na akili.

Anayetoka Dodoma kwenda Morogoro huiacha barabara kuu pale Mbande, akashika njia ya Kongwa na Mpwapwa. Mwezi Juni nchi hiyo ni kavu, mibuyu imesimama bila majani, na upepo wa asubuhi hupenya sweta. Saa kumi na mbili na nusu ya siku ya kwanza, mama alijifunga kitenge mabegani, akanionyesha mbuyu mmoja ng'ambo ya korongo. "Tutafika pale, tutarudi," alisema. Kwenda na kurudi ilikuwa dakika 20. Nilimwambia kwamba hayo si mazoezi. Mtu mwenye kilo 98 anahitaji kukimbia kilomita kadhaa.

Mama hakunijibu mpaka tulipofika kwenye mbuyu. Hapo alisimama kupumzika, akaniambia: "Mwanangu, baba yako nilimgeuza kitandani miaka miwili. Nilimlisha kwa kijiko, nikamwogesha kama mtoto. Nguvu za kumgeuza mtu wa pili sina. Wewe usikimbie. Njoo kesho."

Sikupata neno la kujibu. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa.

Njiani tulikutana na wachungaji na akina mama waliokuwa wakienda kisimani. "Mbukwenyi!" walitusalimu, na mama akawajibu. Siku za kwanza waliuliza tunakwenda wapi. Baada ya wiki moja hawakuuliza tena. Tulikuwa sehemu ya asubuhi yao. Nyumbani tulikula ugali wa uwele na mlenda, ambao mama huuunga kwa karanga zilizotwangwa, kijiko kimoja tu cha chakula. Mtu mwenye kitambi hana haja ya kuuacha ugali. Ana haja ya kuuangalia ukubwa wa tonge na wingi wa mafuta, na kukumbuka kwamba soda ni sukari iliyotiwa maji.

Karanga zile ndizo zilizomkumbusha mama habari za babu. Marehemu babu mzaa mama alikuwa kibarua katika mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza. Habari yenyewe imo katika vitabu vya historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulipita katika nchi hizi, ukapendekeza zilimwe ekari zaidi ya milioni 3 za karanga, sehemu kubwa kabisa katika Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ilianza hapa Kongwa. Shabaha ya mwaka wa kwanza ilikuwa ekari 150,000.

Yaliletwa matrekta na makatapila yaliyobaki vitani, na baadaye hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini mibuyu haikukubali kung'oka, mashine zikaharibika, mvua ikawa chache, na udongo wa mfinyanzi ukakauka kama tofali hata karanga zisiweze kuchimbuliwa. Msimu wa kwanza ulipita bila kupandwa hata ekari 10,000. Mwezi Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango huo, zikiwa zimepotea zaidi ya pauni milioni 36. "Babu yako alikuwa akisema," mama alinisimulia huku akicheka, "Wazungu walihesabu magunia kabla hawajaiuliza mvua."

Nilicheka pia, kisha nikanyamaza. Waingereza walikuja Kongwa kutafuta mafuta, nami nilikuja na mafuta niliyoshindwa kuyaacha. Lakini mpango wetu ulikuwa mmoja. Mimi nami nilikuwa nimehesabu kilo 20 kabla sijaliuliza goti langu. Nami nilianza na mashine ya gharama kubwa, zile raba. Na shabaha ilipokosekana katika msimu wa kwanza, nami nilitangaza kuachana na kila kitu.

Wakati huohuo, kando ya mashamba hayo makubwa, wenyeji waliendelea kulima mtama na uwele, kidogo kidogo, kila mwaka, wakijua kwamba kuna miaka ambayo mvua itawanyima. Hawakulima kwa hamasa. Walilima kwa kuwa ulikuwa msimu wa kulima.

Hili ndilo nililotoka nalo Kongwa, nami naliandika kwa ajili ya ndugu aliye na daftari kama langu na raba chini ya kitanda. Hamasa ni mgeni: huja na vishindo, hula vizuri, kisha huondoka bila kuaga. Anayengoja aamke na hamasa ndipo atembee hatatembea mara kumi kwa mwaka. Hana budi kupanga mambo yake yaweze kwenda hata siku ambayo hamasa haipo.

Kwanza, nilibadili hesabu. Kilo haziko chini ya amri yangu, hatua ziko. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi, kama vile kutembea kwa haraka, dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Nusu saa kwa siku 5 inatosha kuanzia. Kwa hiyo katika daftari langu siandiki tena uzito wa kila siku. Natia alama kila siku niliyotembea. Mizani naipanda Jumamosi tu, na mara moja kwa mwezi najipima kiuno kwa tepu ya fundi cherehani, ambayo mara nyingi huona mabadiliko wakati mizani imenuna.

Pili, nilijifunza sababu ya mizani kununa. Kilo nyingi zinazotoka katika wiki ya kwanza ni maji, si mafuta. Baadaye mwili unapopungua hutumia nguvu kidogo kuliko zamani, na njaa huongezeka, kwa kuwa mwili hudhani kuna ukame na hutaka kulinda akiba yake. Huo si udhaifu wa moyo, ndivyo tulivyoumbwa. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, na ziko wiki zisizokuwa na kitu. Asiyelijua hili atadhani ameshindwa siku ileile ambayo kazi inaendelea.

Tatu, awepo mtu anayekungoja. Kule Kongwa nisingeweza kulala huku mama amesimama mlangoni na kitenge chake. Niliporudi mjini, tulipatana kwamba kila siku saa moja asubuhi atanipigia simu. Huuliza neno moja tu: "Umekwenda?" Nami hujibu: "Nimekwenda, mama. Na wewe?" Jirani yangu mmoja, fundi umeme, aliponiona nikipita mara kwa mara, aliomba tuwe wawili. Sasa yeye ndiye anayenigongea dirisha.

Sikudai kwamba njia imekuwa nyoofu. Mwezi Oktoba tulikuwa na msiba wa shangazi. Siku 9 sikutembea, nikala pilau kila iliposogezwa. Siku ya kumi sauti ya zamani ilinijia: umekwisha haribu, acha. Hapo nilimkumbuka mwanariadha wetu Juma Ikangaa, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1957. Mwaka 1988 alikuwa wa pili katika mbio za marathoni za Boston, akizidiwa kwa sekunde moja. Mwaka 1989 akawa wa pili tena palepale. Novemba ya mwaka huo alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Mwaka 1990 alirudi Boston, akawa wa pili mara ya tatu. Kama angaliacha baada ya Boston ya pili, New York asingeionja. Mimi si mwanariadha, lakini kurudi njiani baada ya siku 9 ni jambo ninaloliweza. Tangu hapo nina sheria moja: siku moja ikinipita, ya pili isinipite.

Jambo jingine lililonikatisha tamaa ni maneno ya watu. Anayenenepa hupongezwa, anayepungua huulizwa anaumwa nini. Mwenzangu mmoja alinivuta pembeni akanishauri nikapime. Nilimwambia kwamba nimekwisha pima, na kwamba ndiyo sababu napungua. Zamani, katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu zaidi ya milioni 2 walikaa katika vikundi wakisikiliza redio na kujifunza kujikinga na malaria, kuhara na kichocho. Adui wa siku hizo alionekana: mbu, inzi, maji machafu. Adui wetu wa leo hukaa nasi mezani akiitwa neema. Nadhani tungefaidika kama vikundi vile vingerudi katika mitaa yetu, hata kama ni vya watu wawili na dirisha la kugonga.

Sasa ni mwaka wa pili. Nina kilo 86. Sijafika, na huenda nisifike mahali daftari la kwanza lilipotaka. Shinikizo la damu lilipopimwa mwezi uliopita lilikuwa 134 kwa 84. Dawa bado nameza, kwa kuwa daktari hajasema niache, wala simshauri mtu kujiachisha dawa kwa sababu ameanza kutembea. Ngazi za ghorofa ya nne napanda huku nikizungumza.

Mama naye sukari yake imetulia. Wiki iliyopita, baada ya kuniuliza neno lake la kila siku, aliongeza habari. Amewapata akina mama wawili wa kufuatana nao, na mbuyu wa korongoni hauwatoshi tena. Siku hizi wanafika hadi kwenye uzio wa ranchi. "Ukija Desemba," aliniambia, "jitayarishe. Hatutakungoja."